Kilo Sita za Bisibisi

Kabla hujasikia kwa watu, acha nikwambie mwenyewe: ile mizani ya koridoni ofisini kwetu niliichezea mimi. Mimi, fundi mizani, mwenye stashahada ya vipimo ukutani, niliyewahi kumfungia muuza nyama mizani yake kwa kupunja gramu hamsini. Siku hiyo nilipanda, mshale ukasimama kwenye mia na nne. Koridoni hakukuwa na mtu. Nikatoa bisibisi mfukoni, nikazungusha skrubu ya nyuma kidogo tu, nikapanda tena. Tisini na nane. Nilitaka kuona tarakimu mbili, walau hadi Ijumaa.

Ijumaa ikapita. Ofisi nzima ilikuwa imepungua kilo sita kwa mpigo na hakuna aliyeshangaa. Katibu muhtasi alimpigia dada yake simu kumpa habari. Dereva wa ofisi, aliyekuwa ameacha soda, akairudia. Mkuu wa kituo alipanda na viatu, akashuka akisema kazi inamkondesha. Sasa watu wenye furaha namna hiyo utawaanzaje?

Kilichonisuta ni tundu. Mizani ya malori hapa kituoni kwetu ina shimo chini yake, na fundi lazima ashuke humo akakague vyuma vinavyobeba uzito. Tundu la kuingilia halina skrubu ya kuzungusha. Miguu ikapita, nyonga zikapita, tumbo likagoma. Malori kumi na moja yalikuwa kwenye foleni yakipiga honi.

“Toa pumzi, Fundi,” dereva wetu akasema.

“Nimeshaitoa yote. Hii iliyobaki ni mimi.”

Wakanipaka grisi kiunoni, wakaning'oa kama kizibo.

Kesho yake Mkuu aliniita kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma. Akanionyesha meza ya mihuri pale dirishani, na kiti chenye mto. Akasema umri nao umefika, shimo niwaachie vijana. Nina miaka hamsini na moja. Aliyekalia kiti kile kabla yangu alianza na mto mmoja, akastaafu na mitatu. Miaka ishirini na mbili kazi yangu ni kushuka chini nikaone kwa macho kama chuma kinasema kweli, leo nigonge mihuri kwenye karatasi za mashimo waliyoshuka wenzangu? Nikaomba miezi mitatu. Mkuu akacheka hadi akakohoa, akasema nikiingia na kutoka humo bila grisi, shimo ni langu.

Nyumbani mke wangu alidhani naanza tena yale makubwa yangu. Mwaka juzi niliapa kunywa maji ya ndimu peke yake, siku ya tatu akanikuta jikoni nakula kwa mwiko.

“Wewe na kujinyima ni ndugu wa mbali, baba watoto. Mnaonana misibani tu.”

Nikamwambia safari hii siapi kitu. Kwenye chai nilitoa kijiko kimoja cha sukari kati ya vinne, wiki mbili baadaye nikatoa cha pili. Nikachukua sahani ya utotoni ya binti yetu, ile yenye picha ya bata, na sheria ikawa moja: nikimwona bata, nimemaliza. Kazini nikawa nakwenda kwa miguu. Kila asubuhi nilipitwa na bibi mmoja mwenye mkongojo, hata kunisalimia hasimami. Wiki ya tisa nilimpita. Nikamsalimia.

Vita vilikuwa ofisini. Ilipokuja keki ya kuzaliwa ya katibu, nilisema asante, nimeshiba. Akanuna, akasema nawadharau. Dereva akanisukumia kipande cha kushiba watu wawili. Mizani yenyewe inasema tisini na nane, akaniuliza, najitesa nini? Hapo ndipo nilipoona kwamba uongo wangu mwenyewe ndio unaonipakulia. Nikamrudishia sahani.

“Kula wewe. Tumbo hili halina kamati.”

Mimi nilijipimia karakanani, kwenye mizani ya magunia, mlango nimeufunga. Mia na tatu. Mia na moja. Ikagoma hapohapo wiki tatu nzima. Nikaitukana kwa adabu, nikaendelea na bata wangu.

Siku ya mwisho nilishuka shimoni. Kifungo kimoja cha shati kilibaki juu, mimi nikafika chini. Nilikaa humo muda mrefu kuliko kazi ilivyodai. Nilipotoka, Mkuu akakubali kwamba shimo ni langu, na dereva akanikokota hadi koridoni ili ofisi nzima ione. Nikapanda. Mshale ukasema tisini na mbili. Wakapiga makofi.

Ningeweza kunyamaza. Lakini kilo sita nilizitoa kwa miguu yangu na sahani ya bata, na sita kwa bisibisi, na wao walikuwa wanazipigia makofi zote sawasawa. Nikaenda karakanani, nikarudi na mawe ya mizani kwenye toroli, matano, ya kilo ishirini kila moja. Nikayapanga juu ya mizani. Kila mtu anajua tano mara ishirini. Mshale ukasema tisini na nne.

Nikawaeleza yote, tangu skrubu. Katibu akahesabu kwa vidole, akaacha.

“Unajua kwa hili naweza kukurudisha kwenye meza ya mihuri?” Mkuu akauliza.

“Najua. Andika barua, nitaisomea shimoni.”

Nikazungusha skrubu mbele yao hadi mshale ukasimama kwenye mia, nikashusha mawe, nikapanda mimi. Tisini na nane. Namba ileile ya siku ile, ila leo hakuna aliyeisaidia.

Nikashuka, nikapangusa mizani kwa kiganja, nikaomba anayefuata apande. Mkuu akaweka sikioni simu ambayo haikuwa imelia. Dereva alikuwa anachungulia dirishani kama gari lipo. Katibu alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Akakivaa tena.

“Viatu ruksa kuvua,” nikasema. “Jamani, naomba mmoja tu.”