Amiin ya Wauza Maziwa

Mimi Kiswahili nilikisoma shuleni mpaka darasa la nane, kilichobaki nikakimalizia sokoni, kwa hiyo neno kushawishi nilikuwa nalijua kuwa ni kazi ya Ibilisi. Kumbe Nairobi kuna watu wenye kazi hiyo hiyo, tena wana mishahara na kadi za kujitambulisha. Bwana Felix alinipa yake. Iliandikwa kwamba yeye ni mshauri wa kampuni ya maziwa, lakini Mustafe, msaidizi wa mbunge wetu ambaye ndiye aliyemleta, aliniambia kwa Kisomali kwamba kazi ya huyu bwana ni kuwashawishi wabunge. Aliyasema hayo kwa kusifu, kana kwamba ananitambulisha kwa imamu.

Felix alikuja Garissa kwa ajili ya mswada. Mswada wenyewe ulisema maziwa ya ngamia yasiuzwe mabichi sokoni, yote yapitie kwanza kwenye kiwanda chenye leseni. Na kiwanda chenye leseni ni cha nani? Cha kampuni ya Felix, kilichokuwa kikijengwa nje kidogo ya mji. Sisi wanawake tunaoletewa maziwa asubuhi na jamaa zetu kutoka malishoni tungegeuka wahalifu kwa sababu ya mitungi yetu. Mimi nimelea watoto kwa mtungi huo tangu baba yao afariki. Nikiondolewa pale sokoni sina pengine pa kwenda, na wenzangu ni hivyo hivyo. Nalisema hili mapema ili mtu asidhani tulikuwa tukigombania mambo madogo.

Alikodi ukumbi wa hoteli, akatupikia wali na nyama ya mbuzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, nikajisemea, na tukala, maana chakula hakina kosa. Halafu akasimama akazungumza kuhusu usafi, afya na masoko ya ng'ambo, Mustafe akitafsiri. Alipomaliza nilisimama nikamwambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba hatuutaki mswada wake. Wenzangu wakaitikia kwa makelele. Akatabasamu.

"Maoni yenu tumeyachukua, mama," akasema. Mpaka leo sijui aliyapeleka wapi.

Kwetu watu wakikusanyika hawatawanyiki bila dua. Hata wawe wamegombana, mkubwa wao ataomba na wengine wataitikia. Mkubwa wetu ni Mama Arbia, aliyeanza kuuza maziwa kabla Garissa haijaona lami. Mustafe akamwomba afunge kikao. Tukainua mikono, viganja wazi, huku msichana wa kampuni akizunguka na kamera. Arbia akaomba kwa Kisomali: "Mola wetu, maziwa haya ulitupa kupitia kwa mama zetu. Usiyatie mikononi mwa mtu mwingine. Anayekuja kutunyang'anya, mfungie njia, na anayemfungulia mlango, mwaibishe." Tukasema amiin, na mimi yangu ilisikika mpaka barabarani. Bwana Felix, ambaye hakuambulia hata neno moja la dua ile, naye aliinua mikono akasema amina. Tulimcheka njia nzima tukirudi sokoni.

Kicheko hicho kilitutokea puani. Baada ya wiki chache nilikuwa katika duka la jirani yangu, runinga imewashwa, nikasikia Garissa inatajwa. Mwenyekiti wa kamati ya Bunge alikuwa akisema kwamba wauza maziwa wa Garissa wameunga mkono mswada, wote, hakuna hata mmoja aliyepinga. Na hapo hapo wakaonyesha ukumbi ule, mikono yetu iko juu, mimi nikiwa safu ya mbele na mdomo wazi. Sauti yetu ilikuwa imezimwa, msomaji wa habari anasoma juu yake. Nilitukana tusi ambalo sitaliandika, na mwenye duka akamtoa mwanawe nje asilisikie. Jambo lililokuwa baina yetu na Mwenyezi Mungu walilichukua wakalifanya kura.

Nilimkuta Mustafe katika ofisi ya mbunge hapo mjini, miguu juu ya kiti. Nikamuuliza ni nani aliyewaambia watu wa Bunge kwamba tumekubali.

"Eddo, mikono si ilikuwa juu?" akasema, akiniita shangazi kwa Kisomali, macho kwenye simu.

"Ilikuwa dua. Wewe mwenyewe ndiye uliyeiomba."

"Sasa mimi nitafanya nini? Mheshimiwa amebanwa na kamati. Acha jina, nitamshow mlikuja."

Ningempiga kiatu, wallahi. Nilimwambia jina langu ni Hinda, lile lile alilolijua tangu alipokuwa akija kuchukua maziwa ya mkopo, nikatoka. Simu ya mbunge nayo kila tukiipiga tunaambiwa mteja hapatikani. Wakati wa kampeni alikuwa akipatikana mpaka tukamchoka.

Lakini Arbia hakukubali nimseme mbunge vibaya. Mheshimiwa Abdihafid ni mtoto wa Kaaha, na Kaaha aliuza maziwa bega kwa bega na Arbia mpaka mwanawe alipopata cheo akamwambia apumzike. "Huyo mtoto hajui," Arbia alituambia. "Wamemficha. Angejua, mtoto wa Kaaha hawezi kutuacha hivi. Akisikia kutoka kwetu atasimama Bungeni aseme." Sote tuliafikiana naye, na mimi nikiwamo. Kura ya mswada Bungeni ilikuwa Jumatano. Wanawake wakachanga nauli, tukapanda basi mimi na Arbia. Pale daraja la Tana tukateremshwa kuonyesha vitambulisho kama kawaida, kana kwamba Kenya inaanzia ng'ambo ya mto.

Kwenye lango la Bunge askari alituuliza tumealikwa na nani. Arbia Kiswahili chake ni cha kununulia sukari, na p mdomoni mwake hugeuka b, lakini hakunisubiri nimjibie.

"Nani alika mimi?" akasema. "Mimi ndio leta yeye hapa. Mimi nabiga kura."

"Mama, bila miadi hamwezi kuingia."

"Bole, kijana. Ita yeye tu. Mwambie Arbia wa maziwa."

Kijana alikuwa na adabu zake, sitamsingizia. Alituomba tusimame kando, jua likatupiga. Tulipokuwa tumesimama hapo gari likafika, kioo kikateremka, na ndani yake yumo Bwana Felix. Askari hakumuuliza miadi. Alimuuliza hali ya watoto, akamfungulia lango. Felix alitupungia mkono, nadhani alidhani tumekuja kumshukuru. Mtu ambaye hakumpigia mbunge wetu kura hata siku moja anapita kama anaingia sebuleni kwake, na sisi tuliompangia foleni Abdihafid mpaka akashinda tunafukuzwa kivulini.

Arbia akatoa simu yake ndogo, akampigia Kaaha Garissa, akamweleza tulipo. Haukupita muda mrefu mheshimiwa mwenyewe akatokea kwa miguu, suti na tai, anafuta jasho. Kura yangu haikumtoa mle ndani, ila mama yake alimtoa mara moja. Nilifurahi na nikachukia papo hapo.

"Habaryar," akamwambia Arbia kwa Kisomali, yaani mama mdogo, akainama kumsalimia. Mimi akaniita dada. Akatuvusha barabara mpaka mkahawa mmoja, akatuagizia chai ya maziwa. Alikuwa mpole mno. Alimuuliza Arbia miguu yake inaendeleaje, akaniuliza mvua imefika wapi. Mimi nikakata maneno. Nilimweleza kila kitu tangu mwanzo: ukumbi, wali, kukataa kwetu, dua, kamera. Nilimweleza dua ni nini kama ninayemweleza mgeni. Alinisikiliza akikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka zamani.

"Mngeniambia mapema," akasema mwishowe. "Kamati iliangalia video yote. Wabunge waliona mikono."

Hakushangaa. Hakuuliza hata swali moja. Hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na shaka.

"Hiyo video huko kwenye kamati," nikauliza, "ilikuwa na sauti?"

"Ilikuwa nayo."

"Na wewe ulikuwamo chumbani?"

Akanyanyua kikombe, hakunywa. Arbia alikuwa ameshaweka chake chini.

"Abdihafid," Arbia akasema, "niliomba nini?"

"Habaryar, mambo ya Bunge yana utaratibu wake, na kampuni hii imeahidi..."

"Nimekuuliza niliomba nini."

Akaangalia mlangoni, kisha akaisema. Alianza kwa sauti ya chini. Maziwa haya ulitupa kupitia kwa mama zetu. Usiyatie mikononi mwa mtu mwingine. Aliisema yote kwa Kisomali safi cha Kaaha, hakuruka neno. Alipofika kwa anayefungua mlango alisita kidogo, halafu akalisema na hilo.

Nilikuwa nimetoka Garissa nikiamini kwamba hatujasikika. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumfahamisha, nikayapunguza makali asije akaudhika. Kumbe katika chumba kile chote cha kamati yeye peke yake ndiye aliyetusikia, kwa lugha aliyonyonyea, akiwa kwenye kiti tulichompa sisi. Felix nilimwona mdogo ghafla. Felix hajui Kisomali. Huyu nilitaka kummwagia chai ile usoni, na kilichonizuia ni Arbia, ambaye sikutaka kumwongezea aibu.

"Na sisi tuliposema amiin," Arbia akamuuliza, "wewe ulisema nini?"

Simu ya mheshimiwa ilikuwa inalia mezani. Aliigeuza kifudifudi.

"Nilinyamaza, habaryar."

Kisha akalipia chai yetu, akavuka barabara, akaenda kuunga mkono mswada.