Novena Isiyokwisha

Novena ni siku tisa za sala. Hata mtoto anayeanza katekisimu anajua. Ya kwetu ilikuwa imeingia mwezi wa pili, na sisi wanawake tukawa tunapita mbele ya kanisa na rozari mikononi, tunachekeana, tukidhani Padri Severino hajui kuhesabu. Ujinga wetu wenyewe ndio uliotuponza.

Hapakuwa na sala yoyote. Kaka yangu Anacleto, mwalimu, alikuwa akitufundisha Kihispania sebuleni mchana kweupe, sanamu ya Mtakatifu Rita ikitutazama. Gavana wa jimbo alikuwa Mhispania, hakimu Mhispania, na kila tulichotaka kuwaambia kilipitia mdomoni mwa Padri, Mhispania mwenzao aliyejua lugha yetu. Sisi tunalia mashamba yetu yamechukuliwa, yeye anawaambia tunashukuru! Basi Anacleto na wenzake wakaomba serikali kuu kule Manila tupewe shule ya lugha. Padri akalizima ombi, akatangaza mimbarini kwamba atakayefundisha Kihispania kwa siri atafungwa na kupelekwa Jolo, kisiwa cha mbali cha wafungwa. Waliopelekwa Jolo hatujawaona tena.

Mama peke yake ndiye aliyekataa kusoma. Alikaa jikoni akitafuna tambuu na kutukebehi. "Lugha gani hiyo, kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki!"

Alasiri moja, wenzangu wakiwa wameshakwenda zao, Padri alipanda ngazi bila hodi, koplo nyuma yake na bunduki. Koplo alikuwa Mhispania mgeni, uso umebabuka kwa jua. Nilimbusu Padri mkono kama ilivyo desturi.

"Petrona, binti yangu," akasema kwa lugha yetu, maana alikijua Kitagalogi sawasawa, "mtakatifu gani huyu asiyesikia? Au mnamwomba kwa lugha ngeni?"

"Dhambi zetu ni nyingi, Padri."

"Hilo naliamini."

Anacleto akamvutia kiti. Padri hakukaa. Alimgeukia koplo akasema kwa Kihispania, polepole, kama anayezungumzia mvua: "Mtazame huyu mwanamke. Nyani aliyevishwa sketi."

Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilielewa kila neno, na laiti ningeweza ningemtwanga na ile sanamu. Nikatabasamu kama zuzu. Jicho lake likahamia kwa Anacleto, ambaye alikuwa akimfungulia dirisha apate upepo.

Padri akaguna. Kisha, bado kwa Kihispania: "Koplo, mchukue mwalimu sasa hivi. Mkifika mtoni mpige risasi. Tutasema alitaka kutoroka."

Ni mtego, nikajiambia, mtego tu, Petrona, usihemke. Anacleto hakupepesa hata ukope. Padri alitutazama mmoja mmoja, akashusha pumzi, akashika kofia yake. Tumepona, Mungu wangu, tumepona!

Jikoni kikaanguka chungu. Mama akatoka mbio, mate mekundu ya tambuu kidevuni, akajitupa miguuni pa koplo.

"Usimuue, bwana! Nakusihi, usimuue mwanangu!"

Kwa Kihispania.

Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kumbe muda wote ule bibi huyu alikuwa akitukebehi huku ametega sikio! Nilitaka kumzaba kofi, nilitaka kumkumbatia, sikujua nianze na lipi. Anacleto alipiga magoti akamfuta kidevu.

"Umesema vizuri, Mama," akasema, machozi yanamtoka. "Hukukosea hata neno moja."

"Huyo ndiye. Mfunge," Padri akasema.

Koplo akamfunga Anacleto mikono nyuma. Mama hakuinuka. Alishika suruali ya koplo, akaanza tena kwa Kihispania, safari hii akihangaika kutafuta maneno.

"Bwana koplo. Wewe... una amri ya kumuua?"

Koplo alimtazama Padri, kisha akamtazama Mama. Nadhani hakuwahi kuongeleshwa na mtu wetu bila mtu mwingine katikati.

"Sina, mama," akasema taratibu ili amwelewe. "Hayo ni maneno ya Padri, si yangu. Mimi nitamfikisha Manila akiwa hai, akahukumiwe huko. Nakuapia."

Padri akadakia upesi, kwa Kitagalogi, sauti laini kabisa: "Anasema hivi, mama yangu. Uwataje wote waliosoma humu ndani, ndipo mwanao atafika salama. Usipowataja, yeye hatajali mwanao akifa njiani."

Nilifungua kinywa nipige kelele. Mama akaniwahi kwa kuinua mkono. Alijikongoja mpaka akasimama, akajifuta uso kwa upindo wa sketi, akamtazama Padri machoni, jambo ambalo hakuna mwanamke wa mji wetu aliyewahi kulifanya.

"Usijisumbue kunitafsiria, Padri," akasema. "Nimemsikia mwenyewe."

Akampa mgongo, akaenda jikoni kumfungia mwanawe wali wa safari.