Mkufunzi wa Miezi Sita

Mkojo wa farasi ndio uliomfungia mkufunzi Hendrik Raubenheimer. Farasi wake mmoja alishinda mbio za Ijumaa pale Gqeberha, akachukuliwa kipimo kama washindi wote, na maabara ikakuta dawa ya kutuliza maumivu ambayo haitakiwi kuonekana siku ya mbio. Raubenheimer aliapa hajui imeingiaje. Huenda hakujua kweli. Lakini kanuni ya mbio haiulizi nani kampa farasi nini. Inauliza farasi yuko chini ya jina la nani. Akafungiwa miezi sita.

Na kufungiwa kwa mkufunzi si maneno ya mdomoni. Siku hiyohiyo kadi yake ya getini ilizimwa. Hakuruhusiwa kukanyaga kambi ya mazoezi wala uwanja wa mbio, hata kwa kulipa kiingilio kama mtazamaji. Hakuruhusiwa kutoa agizo lolote juu ya farasi, kwa mdomo, kwa simu, wala kwa kumtuma mtu. Na wale farasi waliokuwa mazizini mwake hakuna ambaye angekimbia mpaka wote wahamishiwe kwa mkufunzi mwingine mwenye leseni. Hapo ndipo bosi alipomkumbuka Mzwanele Gqirana.

Mzwanele alikuwa msaidizi wake. Alianza kwa kuzoa samadi, akawa saisi wa kutunza farasi, akapanda hadi kuwa mtu wa kwanza kushika miguu ya farasi alfajiri na wa mwisho kufunga komeo jioni. Mtihani wa ukufunzi alishaufaulu zamani. Aliomba leseni yake mwenyewe, akarudishwa. Akaomba tena, akarudishwa tena, na jibu lilikuwa lilelile: una farasi gani wewe, na nani atakupa wake? Sasa alipewa zizi zima kwa mkupuo, na leseni ikatoka.

"Ni jina tu, Mzwai," Raubenheimer alimwambia wakiwa barazani kwake, huku akigeuza soseji juu ya makaa. "Jina lako linaandikwa kwenye kijitabu cha mbio, mambo yanaenda kama zamani. Mimi nitakuwa pwani na mke wangu. Asubuhi nitakupigia."

"Bosi, wamesema hata simu hairuhusiwi."

"Wamesema. Wao na mimi, nani anakulipa mshahara?"

Mzwanele alicheka kidogo, kwa sababu bosi alikuwa anacheka. Akala soseji aliyopewa, akarudi nyumbani kwake KwaNobuhle akiwa na leseni mfukoni.

Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita kwa ukoo wake, MaMpinga, aliichukua ile leseni akaisoma mbele na nyuma.

"Bhele," alisema, naye akimwita mumewe kwa ukoo wake, "hapa pameandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Basi yakiharibika, watamtafuta nani?"

Mzwanele alimwambia chai inapoa.

Wiki za mwanzo simu ilikuja kila asubuhi, na kila asubuhi akaipokea. Mazoea yana taabu. Ulimi wake ulikuwa umezoea "ndiyo, bosi" kama mguu ulivyozoea kiatu. Bosi alisema yule akimbizwe, yule apumzike, yule abadilishiwe chakula, na Mzwanele aliitikia, akafanya. Mengine aliyafanya kwa kuwa yalikuwa sawa. Mengine aliitikia tu, akafanya alivyoona mwenyewe, na farasi hawakusema.

Kisha likaja jambo la Namaqua. Huyu alikuwa farasi jike, mwekundu, mkali kwa wapandaji lakini mpole kwa Mzwanele. Akimsikia anakuja alikuwa anagonga mlango wa zizi kwa kifua. Mwenye farasi huyo alikuwa mjane mmoja, Bi Ferreira, na alikuwa anasafiri kutoka Johannesburg kuja kumtazama akikimbia Jumamosi. Alhamisi Mzwanele alipitisha kiganja kwenye mguu wa mbele wa Namaqua akahisi joto juu ya kano. Joto dogo, la kupita haraka chini ya vidole. Akarudia. Lilikuwepo.

"Mfunge bandeji, akimbie," bosi alisema kwenye simu. "Mama wa watu ameshakata tiketi ya ndege."

"Akikimbia na mguu huu, bosi, atarudi kwenye gari la mizoga."

"Nimekuuliza?"

"Hukuniuliza. Ila nimeshamwondoa mbioni. Nimeshawapigia wasimamizi wa mbio."

Upande wa pili wa simu ulisikika upepo wa pwani. "Mzwai," Raubenheimer alisema polepole, "usije ukasahau nani kakuokota jalalani." Akakata.

Tangu siku hiyo simu ya bosi ilipolia, Mzwanele aliiacha ilie. Mwanzoni alikuwa anaigeuza kifudifudi kila inapolia. Baadaye alizoea. Alimpumzisha Namaqua, akawa anampeleka baharini kumtembeza kwenye maji yaliyomfika tumboni, akasubiri mpaka mguu ukapoa na ukabaki umepoa. Alimrudisha mazoezini taratibu. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake alilala akipanga kesho yake mwenyewe, si ya mtu mwingine. Masaisi walimwona anatembea tofauti. Walianza kumtania, wakimwita Meneja, na yeye akawafukuza kwa ufagio, lakini jina hakulikataa.

Namaqua aliporudi uwanjani alishinda. Alitoka nyuma kwenye kona ya mwisho, akawapita wenzake mmoja mmoja kama mtu anayepita watu waliosimama. Kwenye ubao liliandikwa jina: M. Gqirana. Bi Ferreira alimkumbatia mbele ya watu, poda yake ikabaki kwenye koti la Mzwanele.

"Hendrik alikuwa amekuficha wapi miaka yote hii?" alimuuliza. Na mwandishi wa gazeti alipomkaribia, yule mama akasema bila kuulizwa kwamba Namaqua atabaki na bwana huyu hata kifungo cha Raubenheimer kikiisha.

Maneno hayo yalichapishwa Jumatatu. Jumatano mtu ambaye hakutaja jina aliwapigia wasimamizi wa mbio, akawaambia kwamba lile zizi linaendeshwa kwa rimoti kutoka pwani.

Mpelelezi aliyetumwa alikuwa mwanamke mtaratibu aitwaye Moodley. Alizunguka mazizi, akawauliza masaisi nani anatoa amri, kisha akaomba simu ya Mzwanele. Kanuni inamruhusu: ukishika leseni, simu yako si yako peke yako. Zile simu za asubuhi zote zilikuwemo.

"Mlikuwa mnaongea nini?" aliuliza.

Mzwanele angeweza kunyamaza. Angeweza kuomba wakili, kama angekuwa na wa kumlipa. Lakini alikuwa ameshinda mbio, na mtu aliyeshinda huona kama dunia imemwelewa. Alieleza yote: simu, maagizo, yale aliyofuata, yale aliyokataa, na Alhamisi ya Namaqua. Alieleza kama anayetua mzigo.

Siku ya kikao alivaa suti ya harusi ya shemeji yake. Raubenheimer alikaa upande wa pili, amekolea jua la pwani, na pembeni yake wakili aliyeitwa Cilliers. Walisalimiana kwa vichwa.

Cilliers hakupaza sauti hata mara moja. "Bwana Gqirana, mteja wangu anasema alipiga simu kuulizia hali ya familia yako. Mama yako alikuwa mgonjwa, kweli au si kweli?"

"Kweli. Lakini aliuliza siku moja."

"Kwa hiyo aliuliza."

"Siku moja, mheshimiwa."

"Na Bi Ferreira amesema hadharani farasi wake abaki kwako. Mteja wangu akifungiwa zaidi, farasi wengine nao watabaki kwako. Kweli au si kweli?"

Mzwanele alimgeukia mwenyekiti wa kikao. "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nilikataa maagizo yake. Wasimamizi wenyewe niliwapigia nikamwondoa farasi."

"Ulikataa mara moja," mwenyekiti alisema. "Hizo nyingine ulitii. Umetuambia mwenyewe."

Hivyo ndivyo ukweli wake ulivyokatwa vipande viwili. Kipande kilichomhusu yeye kilichukuliwa kuwa ungamo. Kipande kilichomhusu Raubenheimer kikaitwa neno la mshirika mwenye masilahi, lisiloweza kusimama peke yake. Raubenheimer alitozwa faini kwa kupiga simu asikotakiwa kupiga. Mzwanele alinyang'anywa leseni miaka miwili kwa kuazimisha jina lake.

Wakiwa kwenye ngazi za jengo, Raubenheimer alisimama karibu naye akitafuta funguo za gari.

"Ungesema tumeongea habari za mama yako," alisema, bila kumtazama. "Sote tungetoka wazima. Nani alikwambia uwe mtakatifu?"

Wiki hiyohiyo kifungo cha Raubenheimer kiliisha, siku yake ileile iliyopangwa. Farasi wakahamishwa tena, kutoka jina moja kwenda jingine, bila hata mmoja kutoka kwenye zizi lake. Kadi ya bosi iliwashwa, ya Mzwanele ikazimwa. Mlinzi wa getini, mzee Zwelidumile, aliyekuwa akinywa naye chai kila siku, alimzuia alipokuja kuchukua koti lake la mvua.

"Nisamehe, Bhele. Wamesema hata hatua moja usivuke. Niambie lilipo, nitamtuma mtu."

"Liache, Tata," Mzwanele alimwambia yule mzee kwa heshima. "Limechakaa."

Bi Ferreira alipiga simu. Alisema amesikitika sana, kwamba Hendrik amemweleza, kwamba mambo haya ni vigumu kuujua ukweli wake. Namaqua alibaki alipo.

Mtu aliyefungiwa haajiriwi katika zizi lolote la mbio, hata kuzoa samadi. Mzwanele alipata kibarua kwenye kiwanda cha matofali nje ya Kariega. Masaisi waliokuwa wakimwita Meneja walivuka barabara walipomwona, si kwa chuki, ila kila mmoja alikuwa na kadi yake ya kuilinda.

Jumapili moja, gari la Raubenheimer likasimama mbele ya nyumba. Alishuka na mfuko wa nyama, akamsalimia MaMpinga, naye MaMpinga akaitikia akiwa amesimama mlangoni, asimpishe. Mzwanele akatoka wakaongea uani.

"Kifungo chako kikiisha, kazi yako ipo," Raubenheimer alisema. "Usaisi kwanza, halafu tutaona." Alizungusha kofia mikononi. "Sikia, Mzwai. Yule Namaqua hali chakula. Wiki ya tatu sasa. Daktari wa mifugo kaja, kapima damu, haoni kitu. Mbavu zinahesabika. Kwako alikuwa anakula. Ulikuwa unamfanyaje?"

Mzwanele alijua. Namaqua hali akiwa peke yake. Ilibidi mtu akae mlangoni mwake, aongee naye chochote, mpaka amalize. Ni jambo la sentensi moja. Lilimjia mpaka kwenye meno.

"Mimi nimefungiwa, bosi," alisema. "Kanuni inanikataza kutoa agizo juu ya farasi."

"Acha mzaha. Hapa tupo wawili tu."

"Hata kule kwenye simu tulikuwa wawili tu."

Raubenheimer akavaa kofia, akaondoka. Mfuko wa nyama aliuacha juu ya ukuta, na MaMpinga akautwaa akawapa majirani.

Kwa siku kadhaa Mzwanele alijiona ameshinda. Kisha Zwelidumile akamkuta sokoni, akamwambia kwamba Namaqua ameuzwa kwa bei ya kutupa, amepakiwa kwenye lori la watu wa bara, amekonda hata lijamu lilikuwa linamcheza kichwani. Walikokwenda naye hakuna aliyesema.

Mzwanele alirudi nyumbani akaketi. Mkewe alimuuliza kuna nini, akasema amechoka na matofali. MaMpinga alimwekea chakula mezani, akaketi mbele yake asile peke yake, akaanza kumsimulia habari za mtaani, za jirani na mbwa wake, za bomba lililopasuka. Mzwanele akachukua kijiko, akakirudisha, akainuka akaenda kusimama uani.