Uvimbe wa Chini

Malachy Tarpey alikuwa ameshakaza bolti ya lango mara mbili, na sasa alikuwa anaikaza tena. Bolti haikuwa na shida yoyote. Shida ilikuwa mikono yake, ilitaka kitu cha kushika. Mvua ya Machi ilikuwa inanyesha, ile nyembamba ya kuudhi inayopenya mpaka shingoni, na ng'ombe walikuwa wamesongamana uani wakifuka mvuke na kunya juu ya saruji aliyoiosha alfajiri. Tess, mbwa wake, alikuwa amejilaza chini ya trekta, kidevu juu ya miguu. Hata yeye leo hakubweka.

Ilikuwa Alhamisi ya kusomwa. Jumatatu daktari wa mifugo alikuja akampitisha kila ng'ombe kwenye ujia mwembamba wa mabomba ya chuma, akamdunga sindano mbili shingoni, moja juu, moja chini. Leo anarudi kuona kilichoota. Kijiji kizima cha Derrymoyle kinajua kusoma huko, hata mtu asiyesoma gazeti. Uvimbe wa juu si neno, huo ni ugonjwa wa ndege, unapita. Lakini wa chini ukiuzidi wa juu, basi tena: ng'ombe ana kifua kikuu, anakwenda kuchinjwa, na shamba zima linafungwa. Huuzi hata ndama mpaka Idara ya Mifugo iridhike, na Idara hairidhiki upesi.

Kufungwa kwenyewe Malachy angekuvumilia, kama si nyasi. Kiangazi kilichopita kilinyesha chote, mwanzo mpaka mwisho, na marobota ya nyasi kavu yaliyobaki ghalani hayangefika Pasaka. Hesabu yake ilikuwa moja tu: Jumamosi awapeleke mnadani ndama walioachishwa ziwa, midomo ipungue, nyasi ziwatoshe ng'ombe wakubwa mpaka malisho yaote. Lango likifungwa, midomo yote inabaki. Na ng'ombe mwenye njaa hanyamazi kama binadamu, analia mchana kutwa dirishani pako.

Tena kuna mwiko huku. Kati ya sindano na kusomwa, usimpapase ng'ombe shingo. Wazee wanasema ukiutafuta uvimbe unauita. Kila mtu anaujua mwiko huo, na kila mtu anauvunja. Malachy aliuvunja Jumanne jioni wakati wa kulisha, mmoja baada ya mwingine, huku akijifanya anawakuna. Hana. Hana. Huyu naye hana. Akaanza kupumua. Kisha akamfikia Rua.

Rua alikuwa ng'ombe mwekundu wa Attracta, mkewe. Attracta alipoolewa hakuja na fenicha, alikuja na mtamba mmoja mwekundu kutoka kwa baba yake, na Rua ndiye aliyebaki wa uzao ule. Mwaka huu alikuwa na mimba pevu, kiwele kimeshaanza kujaa. Mkono wa Malachy ulipita chini ya manyoya yake yaliyolowa ukakuta kitu kigumu, kama nusu ya yai la kuku. Aliutoa mkono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Hakurudia kupapasa ajue ni wa juu au wa chini. Alijiambia ni wa juu, akaenda zake kunywa chai, na tangu siku hiyo hakulala usingizi wa maana wala hakumwambia mkewe.

"Mungu awabariki ng'ombe," sauti ikasema nyuma ya ukuta wa mawe.

Ni Festy Lohan, jirani, mikono miwili juu ya ukuta na kofia imezama mpaka kwenye nyusi. Huku huwatazami ng'ombe wa mtu bila kutanguliza neno hilo. Ukinyamaza, watu watasema una jicho la husuda.

"Nawe pia, Festy."

"Unakaza nini tena? Utaivunja hiyo bolti, halafu uje kuazima yangu."

"Yako ina kutu."

"Ina kutu kwa sababu haina kazi, bwana. Wamenifungia tangu Novemba, nimkazie nani?" Akacheka peke yake, kisha akakohoa. "Umewapapasa?"

"Sijawapapasa mimi."

"Muongo mkubwa. Hata padri angewapapasa." Festy akatazama barabarani, halafu akashusha sauti. "Sikiliza. Kuna watu wana mkono wa kuuamsha ule wa juu. Ukiamka, unalingana na wa chini, daktari anapima, anapita. Muda upo bado."

"Nyamaza, Festy."

"Sijasema mimi. Nimesema kuna watu."

"Halafu Rua abaki na ugonjwa ndani, awamalize wote banda zima? Akili ziko wapi?"

Festy akavua kofia, akaikung'uta maji, akaivaa tena.

"Mimi sijataja ng'ombe, Malachy," akasema polepole. "Ni wewe umemtaja."

Malachy alitamani amtukane, lakini ni Festy yuleyule aliyeshika kamba naye usiku mmoja wa baridi kali wakimvuta fahali kutoka kwenye kinamasi. Ng'ombe wa Festy waliugua, na kosa lake halikujulikana ni lipi, maana hakununua hata mmoja mwaka ule. Juu ya kilima kampuni ya mbao ilipanda misonobari, misitu myeusi mpaka ukingoni mwa malisho ya watu, na humo kulungu wameongezeka hawana mwenyewe. Jioni wanateremka wanakunywa kwenye mabirika ya ng'ombe. Kulungu hakuna anayempima.

"Mwambie mkeo," Festy akasema akiondoka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha, na unaniona."

Lakini mkewe hakutoka. Kila mwaka Attracta ndiye aliyesimama langoni na fimbo yake ya plastiki, akiwatukana ng'ombe kwa majina, na hapakuwa na ng'ombe aliyempita. Leo alisema ana mkate ndani ya jiko. Malachy alimwona dirishani, amesimama tu, na mkate haukuwa na harufu.

Daktari Noelle Grealish alifika na gari lake lenye matope mpaka vioo. Alikuwa mwanamke kijana wa mjini, mpole, mwenye mikono imara. Akavaa gambuti zake, akazichovya kwenye ndoo ya dawa, akatoa kile kipimo cha chuma chenye meno mawili.

"Habari za hapa, Malachy? Umelala?"

"Nimelala kama mtoto."

"Watoto wangu hawalali," akasema Noelle. "Haya, tuanze."

Wakaanza na ndama. Kila aliyeingia kwenye ujia alifyatuka, akapiga mabomba, akarusha mavi, kisha akatulia na macho yamemtoka. Noelle aliminya ngozi ya juu, ya chini, akasema "safi," na lango likafunguka. Safi. Safi. Malachy alikuwa anafungua na kufunga, na kila neno lilimwondolea jiwe moja kifuani. Ndama wakaisha wote safi. Mnada ukaanza kuonekana. Alijikuta anapiga mluzi, akajikemea, akaacha, maana furaha ya mapema nayo inaita balaa.

Ng'ombe wakubwa wakaingia. Safi. Huyu ana wa juu kidogo, si neno, safi. Rua alikuwa amejivuta mpaka wa mwisho, tumbo linamzuia, na alipoingia alibana kwenye mabomba kama mlango uliovimba kwa mvua. Malachy alimshika pua. Hakuitazama shingo. Aliutazama uso wa Noelle.

Noelle alipapasa kwa vidole kwanza. Akaweka kipimo juu. Akaweka chini. Akafuta kipimo kwa kitambaa, akaweka chini tena.

"Pima tena," Malachy akasema.

"Nimepima mara mbili."

"Kuna matope hapo. Matope yanaongeza."

Noelle akaosha mahali pale kwa maji, akakausha kwa mkono wa koti lake, akapima mara ya tatu. Hakuwa na haraka, na kwa hilo Malachy alimheshimu hata baadaye.

"Pole sana, Malachy. Ni wa chini."

Rua alimpumulia kiganjani, pumzi ya moto yenye harufu ya nyasi. Hakuwa anakohoa. Hakuwa amekonda. Ukimtazama ungesema ndiye mwenye afya kuliko wote pale, pamoja na watu.

"Na wale ndama?" Malachy akauliza, ingawa alijua. "Wale ni safi. Umesema mwenyewe. Si wanaweza kwenda Jumamosi?"

"Hawawezi. Lango limefungwa kuanzia sasa." Noelle alikuwa anazungumza huku anavua glavu. "Huyu mtenge peke yake kwenye banda la mbali, mbali na maji ya wenzake. Mimba yake imepevuka mno, hawezi kusafirishwa. Akizaa, ndama umwondoe palepale. Asinyonye hata tone. Maziwa yana ugonjwa. Watu wa Idara wakimaliza taratibu zao watakuja kumchukua, nadhani wiki ijayo. Na usimshikeshike bila sababu."

"Na wale kulungu wa kilimani? Wao nani anawafungia lango?"

"Kulungu hawako kwenye kazi yangu," akasema, na masikio yake yakawa mekundu. "Najua, Malachy. Najua."

Alipoondoka Malachy alipiga simu Idarani, uani palepale, mvua ikimwingia sikioni. Walimwekea muziki muda mrefu. Mwishowe kijana mmoja mwenye sauti ya kulala akamwambia kwamba Rua atalipiwa kwa bei halali.

"Sikuulizi Rua. Nakuuliza hawa wengine niwalishe nini."

"Mfugaji anatakiwa awe na mpango wa malisho, bwana."

"Mpango ulikuwa kuwauza Jumamosi."

"Sasa huwezi kuwauza."

"Ndiyo nakuuliza!"

"Bwana, tusipigiane kelele. Ipo namba ya watu wa ushauri, kama una msongo wa mawazo."

Malachy akakata simu. Alikaa kwenye ngazi ya trekta, na Tess akaja akamwekea kichwa gotini. Aliogopa. Si hasira, hasira ingempa nguvu. Alikuwa anaogopa hasa, kama mtoto aliyeachwa sokoni, na alikuwa na miaka sitini na mbili. Alikuwa anawasikia ng'ombe wanavyotafuna na kila mtafuno ulikuwa unampunguzia ghala.

Alimpeleka Rua banda la mbali, lile la kondoo, chini ya msalaba wa matete ambao Attracta huusuka kila Februari na kuutundika mlangoni kuwalinda wanyama. Kabla jua halijazama Rua akaanza kujilaza na kuinuka, mkia juu. Uoga wa siku nzima ulikuwa umemharakisha.

Malachy alikimbilia jikoni. "Attracta! Rua anazaa. Na dang'a yote imeganda, ndama hawezi kunyonya, niende kwa nani mimi saa hizi..."

Akanyamaza. Ndani ya sinki, kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, kulikuwa na chupa mbili za soda zimejaa maziwa mazito ya manjano. Dang'a ya mwaka jana, maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ile wanayoweka kwenye friza kwa ndama yatima. Ilikuwa imeshayeyuka yote. Na dang'a iliyoganda kama jiwe haiyeyuki kwa dakika tano.

"Umezitoa lini?"

"Asubuhi," Attracta akasema. Hakugeuka. "Kabla daktari hajaja."

"Ulijua."

"Nilimpapasa jana, nilipokwenda kutafuta mayai. Ni wa chini, Malachy, na siku zake za kuzaa zilishafika. Nilijua palepale." Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sikutaka ulale na hilo moyoni."

"Mimi nilimpapasa Jumanne," akasema.

Walitazamana. Ndoa ya miaka yote ile, kitanda kimoja, na kila mtu alikuwa amelala na uvimbe wake, akimpa mwenzake mgongo asiamke. Attracta alitaka kucheka, ikatoka kilio kidogo. Kisha akafuta uso kwa aproni na kuchukua chupa.

Ndama alikuwa jike, mwekundu mtupu. Aliteleza kwenye majani huku anafuka, na Rua akageuka mara moja na kuanza kumlamba kwa ile sauti ya chini ambayo ng'ombe hana siku nyingine yoyote. Malachy alikuwa amesimama na gunia mikononi. Hakuweza.

"Mchukue," Attracta akasema. "Akisimama atanyonya, akinyonya tumempoteza na huyu. Mchukue, mimi sitazami."

Akamfunga gunia, akamnyanyua, mzito, anateleza, moyo wa ndama unadunda kwenye koti lake. Rua alimfuata mpaka mlangoni. Malachy alifunga mlango usoni pake. Walimpeleka ndama kwenye stoo ya nyuma, Attracta akampa chupa, na baada ya kuhangaika kidogo akaanza kuvuta kwa nguvu, mkia unacheza. Hakujua kitu. Lakini Rua alijua. Alikuwa analia, mlio mrefu unaopita uani, unapita barabara, mpaka kwa Festy, na ng'ombe wengine wakaanza kumwitikia.

Attracta alipotoka stoo na chupa tupu hakumkuta Malachy uani. Ukingoni mwa malisho, penye misonobari, kulungu watatu walikuwa wameinamisha vichwa kwenye birika wanakunywa kwa raha zao. Aliwapigia makofi. Waliinua vichwa, wakamtazama, wakarudi kunywa.

Alimkuta mumewe banda la mbali, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, paji la uso limeegemea ubavu wa Rua, mikono inakwenda. Hapakuwa na ndoo ya kukingia. Dang'a ilikuwa inamwagika juu ya majani, nzito, ya manjano, na kiwele kilichokuwa kigumu kama ngoma kilikuwa kinaanza kulegea. Rua alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anatafuna kidogo, masikio nyuma, anamsikiliza.

"Malachy. Wamesema asishikwe."

"Nimewasikia."

"Unamkamulia nini, na wiki ijayo wanamchinja?"

Hakuinua kichwa.

"Wiki ijayo ni yao," akasema. "Kiwele kinamuuma leo."