Lita Mbili za Petroli

Ilikuwa siku ya tatu bila umeme, na siku ya ishirini ya mayai. Ukiwahi kutotolesha vifaranga huna haja ya kuelezwa zaidi. Kama hujawahi, basi jua hivi: yai hukaa kwenye joto siku ishirini na moja, na siku ya ishirini kifaranga yumo ndani mzima, ana mdomo, ana manyoya, analia kwa sauti ya chini akitafuta pa kutokea. Ukimwachia baridi siku hiyo, umemuua mtoto akiwa mlangoni.

Katika chumba cha nyuma cha nyumba ya Dereva kulikuwa na mashine ya mbao yenye ukubwa wa kabati la nguo, na ndani yake mayai mia tatu na sitini. Halikuwamo lake hata moja. Yalikuwa ya majirani kumi na mmoja, na kila mtu alikuwa na alama yake iliyochorwa kwa penseli juu ya gamba: huyu msalaba, huyu duara, huyu vistari viwili. Aliyezichora ni mkewe. Mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, na jina hilo lilikuwa limenusurika kwa bahati tu, maana msimu uliopita umeme ulipokatika aliingiza jiko la mkaa chumbani, moshi ukaua trei zote. Majirani walimnunia miezi mizima. Walipokubali kumletea tena, fundi cherehani alisimama mlangoni na kapu lake akasema bila kuficha, "Mara hii tu, mama. Yakiharibika na haya, usitupigie hodi tena."

Ndiyo maana wakanunua jenereta, na hapo ndipo Dereva alipojitia kimbelembele.

Dereva aliendesha teksi ya petroli miaka kumi na tisa, na miaka yote hiyo aliwaonea wivu watu wa dizeli. Kila alipojaza tangi aliutazama ubao wa bei na kuumwa roho. Walipofika dukani mkewe alitaka jenereta dogo la petroli, jepesi, la kuvuta kamba. Dereva akabisha mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Dizeli ni rahisi, dizeli haiishi haraka, dizeli ni mafuta ya watu wenye akili. Alibisha mbele ya muuza duka, mbele ya wateja, mbele ya mpita njia aliyeingia kuuliza bei ya balbu, na akashinda. Laiti angeshindwa.

Asubuhi ile mkewe alikuwa amekaa kwenye kigoda, kiganja juu ya mlango wa mashine kama anayempima mtoto homa. Jenereta lilikuwa likinguruma uani, lakini kwenye tangi mafuta yalikuwa yamebaki kidogo chini kabisa.

"Lita tano," alisema, akimpa pesa. "Zitatufikisha kesho mchana, na kesho mchana watakuwa wametoka. Kimbia, baba."

Dereva alikimbia. Kwenye kituo cha mafuta foleni ilikuwa ya madumu zaidi kuliko ya magari, na alipoukaribia ubao wa bei alicheka. Akamwita dada wa pampu, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja.

"Dada, mmekosea. Namba ya dizeli mmeiweka kwenye petroli, na ya petroli kwenye dizeli."

"Hatujakosea, kaka. Wewe ni wa ishirini kuniambia hivyo leo."

"Dizeli ipite petroli? Tangu lini?"

"Tangu juzi, na imeipita mbali." Dada wa pampu alikuwa akijaza dumu la mtu mwingine, hakuinua macho. "Sikiliza nikwambie. Petroli ikipanda, mtu anaegesha gari lake anatembea kwa miguu. Lori likiegeshwa, wewe utakula nini? Trekta, meli, magreda, mashine za migodini, zote hizo zinataka dizeli, na hazina pa kukimbilia. Bei ikipanda wanalipa tu. Huko kwenye nchi za baridi nako wanapashia nyumba moto kwa mafuta ya ukoo huohuo. Halafu siku hizi lazima isafishwe sana ili isitoe moshi mchafu, na kusafisha kuna gharama yake. Pipa la mafuta ghafi linatoa dizeli kiasi chake, haliongezi kwa sababu sisi tunataka."

"Na hapa kwetu?"

"Hapa kwetu umeme umekatika, mji mzima umewasha majenereta. Mnakuja na madumu yenu, mnanipangia foleni, halafu mnaniuliza mimi nani kaipandisha."

Watu wakacheka. Dereva hakucheka. Alihesabu pesa mkononi mara mbili, na mara zote mbili zikatosha lita tatu na chenji. Lita tatu zingefika alfajiri. Baada ya alfajiri, giza na baridi.

Njia rahisi ilikuwepo, na kila anayesoma hapa ameshaiona: angerudi nyumbani, aseme, "Mama, ulisema kweli, dizeli imepanda, tutafute nyingine." Jirani yeyote angewaongezea, kwa sababu mayai yalikuwa yao. Lakini akilini alimwona mkewe akimtazama kama alivyomtazama siku ile dukani, na aibu ikamzidi. Akakumbuka maneno ya madereva wa malori waliokuwa wakipanda milima yenye barafu. Walisema dizeli ikianza kuganda unaitia petroli kidogo, inachangamka. Walisema kikombe kimoja kwa tangi zima. Dereva alikumbuka petroli, kikombe akakisahau.

"Tatu za dizeli kwenye dumu hili," alisema. "Na chenji iliyobaki nipe petroli kwenye hiki kidumu kidogo." Chenji haikufika lita mbili, akaongezea na visenti vya vocha vilivyokuwa mfuko wa nyuma.

"Petroli ya nini?" dada aliuliza.

"Ya pikipiki ya shemeji."

Hakuwa na shemeji mwenye pikipiki. Nyuma ya ukuta wa kituo alimimina kidumu kidogo ndani ya dumu kubwa, akalifunga, akalitikisa. Lita tano kamili. Alirudi nyumbani kifua mbele.

"Umepata zote?" mkewe aliuliza.

"Zote."

"Mungu akubariki," alisema yule mwanamke, na hakuna tusi ambalo lingemchoma Dereva kuliko baraka ile.

Jenereta lilinguruma vizuri kwa muda wa kuchemsha chai na kuinywa. Kisha likaanza kugonga. Kwanza kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, kisha kwa nguvu, chuma kwa chuma. Likafuka moshi mweupe, likakohoa, likazimika. Dereva alilizungusha mpaka bega likamwuma. Halikuitika.

Fundi wa majenereta, aliyekaa nyumba ya nne, alikuja na boksi lake la spana. Alifungua bomba la mafuta, akadondosha matone kwenye kiganja, akapuliza. Matone yakakauka upesi, yakaacha alama ndogo tu ya mafuta. Akarudia. Kisha akaunusa mkono wake, na uso ukamkunjamana.

"Hii si dizeli tupu," alisema. "Ingekuwa dizeli, kiganja kingebaki kinateleza mpaka jioni. Dizeli ni mafuta na ni grisi yake mwenyewe, ndiyo inayolainisha pampu. Petroli inaosha kila kitu. Pampu imekauka, imejikwangua. Nozeli zinazopuliza mafuta nazo sina hakika."

"Litawaka lini?" Mama Vifaranga aliuliza.

"Nikipata pampu, keshokutwa. Jenereta jingine usitafute, mama, mji mzima hakuna la kuazima." Alisema hivyo akimtazama Dereva, si mkewe, na macho yake yalikaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika.

Mkewe akageuka. "Nani ametuchanganyia mafuta?"

Hapo ulimi wa Dereva ulimtangulia. "Labda kituoni," alisema.

Laana ya uongo mdogo ni kwamba watu huuamini. Mama Vifaranga alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani kabla mumewe hajafumba mdomo. "Yule wa miwani? Leo atanitambua. Nitamwita tajiri wake, atanipa dizeli na pampu mpya, na yule mwanamke kazi ataitafuta kwingine. Wewe chemsha maji, jaza chupa, panga kwenye trei. Nakuja."

Akavuka ua. Akilini Dereva alimwona dada wa pampu waziwazi, na ule uzi kwenye miwani, akakumbuka na swali lake: petroli ya nini? Angefukuzwa leo leo. Na mkewe angepoteza saa nzima kugombana na mtu asiye na kosa, huku mayai yakipoa. Mkono wa mkewe ulikuwa tayari kwenye komeo la geti.

"Mama Vifaranga!" aliita, na sauti ikamtoka kama ya mtoto. "Ni mimi. Nilichanganya mimi. Dizeli imeipita petroli bei, pesa haikutosha, nikaona aibu kurudi nikwambie."

Fundi aliinama akajifanya anatafuta spana.

Mkewe alisimama na mgongo wake kwao. Dereva alingoja matusi, alitamani hata kofi. Hayakuja. Mkewe aligeuka, akampita kama mtu anayepita nguzo, akaingia chumba cha nyuma, akafungua mashine. Wote watatu wakasikia. Kutoka trei za chini kulikuwa na milio midogo, mingi, isiyopangika. Vifaranga walikuwa wameanza kulia ndani ya magamba.

"Chupa za maji moto zitashika trei mbili tatu za juu," alisema, akiongea na fundi. "Mashine ni kubwa, inavuja joto. Boksi dogo lenye blanketi linakaa na joto. Mwili wa mtu unakaa na joto." Kisha, bila kumtazama mumewe: "Nenda kawaite wenye mayai. Kila mmoja aje na boksi, blanketi na chupa. Wachukue mayai yao wakayalalie wenyewe."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ulichoniambia."

Basi Dereva alipita milango kumi na mmoja, na kila mlango aliongea maneno yaleyale. Nimeweka petroli kwenye dizeli. Mashine imekufa. Mayai yako yana uhai, njoo haraka. Alidhani mlango wa pili utakuwa rahisi kuliko wa kwanza, na wa tano kuliko wa nne. Haukuwa. Mmoja alimcheka, mmoja alimsonya, mwalimu alimwuliza kwa upole kama ana akili timamu, na upole ule ulimkata maini. Fundi cherehani alimsikiliza mpaka mwisho, sindano mdomoni, kisha akaitoa.

"Hayo sasa ni yako," alisema, akafunga mlango.

Lakini wengine walikuja. Walijaa uani na maboksi ya viatu, vikapu, masufuria yaliyotandikwa sweta. Mama Vifaranga aliwagawia akisoma alama za penseli, kwa haraka lakini bila kukosea. Msalaba. Duara. Vistari viwili. Aliwaonyesha namna ya kulaza chupa pembeni, si juu. Hakuomba msamaha na hakumtetea mtu. Bibi mmoja, mwenye mayai manane tu, aliyatia yote kifuani ndani ya nguo, akajifunika shuka, akaenda zake akitembea kama aliyebeba maji pomoni.

Jua lilipoanza kushuka, zilibaki trei mbili za fundi cherehani, mayai sitini. Thelathini yalikaa juu ya mashine kwenye boksi na chupa. Thelathini mkewe aliyapanga juu ya kifua na tumbo la Dereva, ndani ya shati, moja moja, kisha akamfunika blanketi mbili.

"Usigeuke," alimwambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu alipomtuma kwa wenye mayai.

Dereva alilala chali sakafuni. Magamba yalikuwa yamepoa, yalimng'ata ngozi. Alitaka kusema mengi, kuhusu ubao wa bei, kuhusu miaka kumi na tisa ya teksi, kuhusu namna mtu anavyoweza kumpenda mkewe na bado akashindwa kumwambia sentensi moja fupi. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika mayai. Alisikiliza kifuani. Kimya. Mchana walikuwa wakilia, sasa kimya.

"Mama Vifaranga," aliita taratibu. "Hawalii tena."

Mkewe alikuja na taa ya mkononi. Alipiga magoti, akafunua blanketi ya juu, akalaza sikio lake katikati ya kifua cha mumewe, kati ya yai na yai. Alikuwa hajamkaribia hivyo tangu asubuhi. Dereva aliziba pumzi. Mkewe alisikiliza, akasogeza sikio, akasikiliza tena kwa muda mrefu, na nywele zake zilinuka maji moto na mayai.

"Unasikia?" Dereva alinong'ona.

"Tulia," mkewe akasema. "Moyo wako unapiga kelele. Siwasikii."

Lakini hakuinua kichwa.