Kidonda cha Mpira

Mume wangu Zephaniah hakuwahi kushindwa na redio. Ukimletea iliyokufa, anaifungua huku anakuuliza habari za nyumbani, na kabla hujamaliza kujibu imeanza kuongea. Kilichomshinda ni Kiingereza, na hicho kilikuwa changu. Mara tatu kwa wiki nilienda masomo ya jioni kwenye ukumbi wa kanisa hapa Busia, mtoto wetu Asio mgongoni, na nilikuwa nimeshapata kamusi yangu mwenyewe. Zephaniah alipenda kuwaambia wateja, "Mimi ni mikono tu. Macho ya kusoma ni ya Mama Asio."

Nilipenda sana kusikia maneno hayo. Naanza nayo kwa sababu kosa langu lilianzia hapo.

Mwaka wa sitini na sita, Mzungu mmoja wa kazi za barabara aliyekuwa anarudi kwao alimwachia mume wangu gazeti la Kiingereza lenye picha za mashua ndogo inayoendeshwa kwa redio. Hakuna kamba wala waya. Mtu anasimama ukingoni na kisanduku chake, anabonyeza kidude, na mashua kule majini inageuka. Zephaniah aliziangalia picha zile wiki nzima, hata akila. Kisha akaanza kuunda yake.

Alipasua sanduku la majani ya chai, akazilowesha zile mbao nyembamba kwa maji ya moto mpaka zikakubali kupinda. Mhimili ulikuwa spoki ya baiskeli ndani ya kibomba cha shaba kilichojaa grisi. Pangaboi la kuisukuma majini alilikata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Rangi ilikuwa ya lori, nyekundu, masalio ya kazi ya mtu. Vipande vya redio alivitoa hapa na pale, vingine vikavuka mpaka kutoka Tororo mfukoni mwa dereva, na ilimchukua miezi saba kuvifanya visikizane.

Usukani ndio uliokuwa na ujanja wake. Redio haikuwa na nguvu ya kuugeuza. Kazi hiyo ilifanywa na utepe wa mpira uliosokotwa kama kamba na kunyooshwa ndani ya mashua, kutoka mbele hadi nyuma. Ukibonyeza kidude, redio inafungua kifuli kidogo, mpira unajisokotoa kidogo tu, na usukani unageuka. Mpira ukikatika, mashua haisikii tena.

Mimi nilikaa kwenye kiti cha chini nikimsomea, Asio akinyonya. Siku moja tukafika ukurasa wa huo mpira. Kulikuwa na sentensi iliyosema kwamba kabla ya kila safari mpira uwe *freshly wound*. *Fresh* nilijua, ni kitu kipya, kibichi. *Wound* nikaitafuta kwenye kamusi. Kidonda.

"Inasema mpira uwe na kidonda kipya," nikamwambia.

Aliinua macho. "Kidonda? Mpira unapataje kidonda?"

Hata mimi sikuelewa. Ningesema sijui, yangeisha hapo. Lakini alikuwa ananitazama kwa imani ile yake, na jibu likanijia, tena jibu zuri.

"Si unajua mkiziba tyubu ya baiskeli," nikasema, "kwanza mnaikwaruza kwa msasa ndiyo gundi ishike? Basi ni hivyo. Ukwaruzwe kidogo."

Akafikiri, akatabasamu. "Ndiyo maana. Ili ushike vizuri kwenye kile kikulabu kinachoushikilia. Wazungu hawa wana akili. Na wewe pia."

Tangu siku hiyo, kila alipotaka kuijaribu mashua, kwanza aliukwaruza mpira kwa msasa, sehemu ile ile, kwa uangalifu kama mtu anayenyoa mtoto. Kwenye beseni usukani uligeuka. Kwenye bwawa la ng'ombe mashua ilizunguka mara tatu na kurudi miguuni pake. Mzee mmoja aliyekuwa ananywesha ng'ombe wake akaniuliza kama mume wangu ameoa jini. Nikamwambia jini ni mimi. Tulicheka mpaka Asio akaamka.

Aluka, mvuvi wa Sio Port aliyekuwa mteja wa Zephaniah, aliposikia habari hizo akasema bwawa si maji. "Lete hiyo kitu yako ziwani, fundi. Watu wangu waione."

Tukaenda Jumamosi kwa lori la samaki. Pale ufukweni wanawake waliacha kuanika omena wakaja, wavuvi wakakaa kwenye kingo za mitumbwi yao. Zephaniah alikuwa amevaa shati la harusi. Akatoa msasa mfukoni, akaukwaruza mpira, akaufunga mfuniko.

"Sasa hii ni boti," Aluka akauliza, "ama ni redio imeenda kuoga?"

"Ngoja uone," Zephaniah akasema.

Mashua ikatoka. Akabonyeza, ikaenda kushoto. Akabonyeza tena, ikaenda kulia, na watu wakapiga vigelegele. Akaiacha iende mbele kidogo, kisha akabonyeza ili airudishe. Haikugeuka. Akabonyeza tena, na tena. Mashua ile nyekundu ikaendelea moja kwa moja kama mtu aliyeitwa na wengine. Aluka na mwenzake walisukuma mtumbwi wakaifuata, lakini upepo ulikuwa umeinuka na mawimbi yakaificha.

"Imeenda kutafuta stesheni," mvuvi mmoja akasema, na wengine wakacheka, si kwa ubaya. Zephaniah naye akacheka. Nilimwona kidole bado kinabonyeza.

Baada ya siku nane Aluka akaileta kwenye kibanda cha Zephaniah cha redio, ikiwa ndani ya gunia. Ilikutwa kwenye mafunjo upande wa Budalang'i, ubavu umepasuka, inanuka omena. Zephaniah akafungua mfuniko. Mpira ulikuwa umekatika vipande viwili, na ulikatikia pale pale palipokwaruzwa. Akavishika, akavikutanisha ncha kwa ncha.

"Nilikwaruza sana," akasema. "Mkono wangu ni mzito. Hii ni kazi ya watu wenye mikono mizuri."

"Usiseme hivyo, Baba Asio."

"Gazeti limeeleza, wewe umenisomea. Mimi ndiye nimeharibu."

Akaitoa redio yote ndani ya mashua, akatia humo misumari na skrubu, akaiweka kwenye rafu. Ikawa sanduku la misumari. Na si mashua tu. Redio za wateja akaanza kuzifungua polepole, anatazama vidole vyake kwanza, kama vya mtu mwingine.

Wiki iliyofuata, darasani, Mwalimu Benedetta akatuandikia ubaoni vitenzi vinavyogeuka vikitaja jambo lililopita. *Bind, bound. Find, found.* Akaandika *wind*, akasema si upepo huu, ingawa herufi ni zile zile. Huyu anatamkwa *waind*, ni kusokota, kuzungusha kama uzi. Na mbele yake akaandika *wound*.

Nikainua mkono. "Mwalimu, hicho si kidonda?"

"Herufi ni za kidonda," akasema, "lakini hapa soma *waund*. Kilichosokotwa. Kamba iliyosokotwa upya, kwa mfano."

Darasa liliendelea. Mimi nilibaki pale kwenye lile neno. Kila safari mpira usokotwe upya, basi. Hakuna aliyetaka ukwaruzwe. Mkono wa mume wangu haukuwa mzito hata kidogo. Ulikuwa umefanya vizuri sana jambo ambalo mimi nililitunga.

Nilisema nitamwambia nikifika nyumbani. Nilipofika alikuwa amembeba Asio, akanipokea daftari, akaniuliza, "Leo mmesoma nini, mwalimu wangu?" Nikasema tumesoma vitenzi.

Mwezi mzima nilimwambia hivyo. Niliosha mashati yake kwa bidii, nikamchagulia vipande vizuri vya nyama, na kila nilipoona ile mashua ina misumari nilitazama kwingine. Niliogopa kwamba nikisema sitakuwa tena macho yake. Nitakuwa nani basi, mama mwenye kamusi tu?

Kisha Jumapili moja baada ya ibada, dereva mmoja alileta redio ndogo. Zephaniah akaipindua mikononi, akamrudishia. "Jaribu fundi wa Malaba," akasema. "Huyo ana mkono mwepesi."

Dereva alipoondoka nikachukua daftari, nikaliweka mbele yake, nikaweka kidole kwenye neno *wound*.

"Hili neno nilikusomea vibaya," nikasema. "Maana yake ni kusokota. Kabla ya kila safari usokote mpira upya. Habari ya kukwaruza niliitoa kichwani mwangu. Sikujua, na sikutaka ujue kwamba sijui."

Alitazama daftari, ingawa hakuweza kulisoma. "Umejua lini?"

"Wiki moja baada ya Aluka kuileta mashua."

"Mwezi mzima," akasema taratibu. "Unaniona nakataa kazi, unanyamaza. Neno ningekusamehe siku ile ile, Mama Asio."

Nikafunga daftari. Akatoka, akasimama nje muda. Asio akamfuata kwa kutambaa mpaka kizingitini na kumshika suruali. Aliporudi amembeba, hakunitazama. Alitoa misumari kwenye mashua kiganja kwa kiganja, akaipanguza ndani kwa kitambaa. Kisha akatafuta gazeti, akalifungua ukurasa wa kwanza kabisa, akanisukumia, akaiweka kando yake kalamu ya useremala.

"Soma tena yote," akasema. "Usipojua, sema hujui. Nitatia alama, utamuuliza Benedetta."

Nikasoma mstari wa kwanza. Nikasoma wa pili. Kwenye wa tatu nikasimama. Kulikuwa na neno ambalo maana yake niliikisia tu, na dhana yangu ilikuwa nzuri, ingempendeza.

"Sijui," nikasema.

Akachukua kalamu, akatia alama ndogo pale kidole changu kilipokuwa. "Haya," akasema. "Endelea."