Kigingi cha Juu

…shibiri moja juu ya udongo, basi, nimesema jana nimesema juzi, sakafu itaanzia hapa kwenye kigingi cha juu na kule chini msingi uinuke mpaka utakakofika, hata ufike kifuani kwa fundi, mimi nataka nyumba kavu, sitaki kingine, na huu mpira wa maji wa kupimia usawa unanimalizia asubuhi yangu, nimeuegemeza kwenye kigingi kama fundi alivyoniambia, nimechuchumaa mpaka miguu inaingia ganzi, yeye kashika mwisho wa pili kule chini karibu na barabara, maji yanapanda yanashuka ndani ya mpira, yanapanda yanashuka, eti lazima yatulie ndipo aweke alama, "Dada, toa kidole! Ukiziba huko juu hayaendi popote!" haya, nimetoa, kumbe nilikuwa nimeziba, robo saa nzima tunasubiri maji niliyoyafunga mwenyewe, na kaka yangu anacheka, lazima acheke, yeye ndiye Injinia, tunamwita hivyo tangu shule, tangu alipofungua redio ya jirani akashindwa kuifunga, anauza vigae lakini leo kasimama katikati ya kiwanja, mikono kiunoni, anatoa darasa, "Kata huo mlima, mdogo wangu, shusha sakafu, ngazi nne tu, mtu anatoka barabarani anaingia sebuleni," mlima anauita, mteremko wa hatua ishirini, na mlango sharti utazame barabara, nyumba isiyotazama barabara imenuna, maneno yake hayo, sasa kwa alama yangu mimi mlango huo utakuwa na ngazi tisa, fundi kashazihesabu kwa macho, tisa, na atakayezipanda kila siku si Injinia, ni mama, nyumba ni ya mama, yule pale chini kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa rundo la matofali, na ukimuuliza, mama, unataka juu au chini, "Fanyeni mnavyoona, mwanangu, mimi popote nalala," popote nalala! hilo linaniudhi kuliko Injinia na fundi na mpira wao wote kwa pamoja, maana najua popote alipolala, nimelala hapohapo naye, miaka kumi na miwili katika ile nyumba ya baba, imechimbiwa ndani ya kilima kama jino kwenye ufizi, ukuta wa nyuma umefunikwa udongo hadi kiunoni, mvua ikinyesha kilima kizima kinakuja kutusalimia kupitia ukutani, bila hodi, asubuhi unashusha mguu kitandani, chubwi, maji mpaka vifundoni, na mama kashainama na bakuli, anachota anamwaga nje, anachota anamwaga, mimi juu ya meza, mkoba wa shule mapajani, madaftari yamevimba, na darasani naitwa Chura kwa ajili ya harufu ya sare yangu, Chura, mpaka leo kuna mtu mzima mwenye kitambi akikutana nami sokoni ananiita Chura, na baba wakati huo kasimama mlangoni anatazama mvua, hata poleni hasemi, mteremko wote ule alikuwa nao na yeye akachagua kuchimba, mafundi walimwambia, mzee, inua, mzee, hapa utafuga samaki, yeye kashusha, kashusha mpaka sakafu ikalingana na njia, kwa nini, uvivu wa kubeba kifusi, ubishi, sijui, akaishi na unyevu ule mpaka kifua kikamshinda, na siku ya mazishi watu wanamsifu kwa upole wake mimi nawaza ukuta wa nyuma, Mungu anisamehe, baba yangu yuko mbele yangu na mimi nawaza ukuta, nikaapa hapohapo, mama hatashika bakuli tena maishani, kwa hiyo shibiri moja juu ya udongo wa juu, maji yapite chini huko yaende zake… "Usitikise, dada! Bado yanacheza!" sitikisi, nani anatikisa, ni goti hili, na mama mwenyewe hata siku moja hajamsema baba, mwaka jana tulipokuwa tunaitukana nyumba ile akasema, "Baba yenu alijua kupima," tukacheka mimi na Injinia mpaka machozi, alijua kupima nini, kina cha bwawa? yeye akaendelea kuchambua maharage yake.

"Mama, unakwenda wapi, kaa," huyo ni Injinia, mama kainuka, anasema anataka kuja huku juu aone panaonekanaje, haya, njoo, njoo umwambie mwanao kwamba nyumba si duka la vigae, anatembea polepole, salama, anafika kwenye uzi wa fundi, uzi umevutwa kutoka kigingi mpaka kigingi, uko shibiri moja tu kutoka ardhini, kuku anauruka, mama anasimama, anautazama, ananyanyua mguu wa kulia, umepita, sasa wa kushoto, wa kushoto haunyanyuki, anainama, analishika goti kwa mikono miwili, analivuta kama anavuta ndoo kisimani, kidole cha mguu kinanasa, uzi unatetemeka mpaka huku kwangu, na yeye anaurudisha mguu wa kulia alikotoka, anaupangusa uzi kwa vidole kana kwamba alikuja kuupangusa tu, anarudi kwenye kiti, Injinia kageuka na simu yake, fundi kakodolea mpira, hakuna aliyeona, mimi nimeona, tangu lini, mama, tangu lini, kila Jumapili nipo kwako, nikifika umekaa, tunakunywa chai umekaa, nakuaga umekaa, nakusifu nasema mama yangu siku hizi anapumzika… ngazi tisa, na mimi niko hapa nazigombania tangu asubuhi, tisa, kupanda na kushuka… na bibi, kwa nini nimemkumbuka bibi, mama yake baba, alikaa nasi, mguu mmoja akiuburuta, na baba kachuchumaa mbele yake uani, nyumba ile haijachimbwa bado, na kijiti mkononi, hivi nilivyochuchumaa mimi sasa, "Inua, mama. Tena kidogo. Basi, hapohapo, usijilazimishe," anatia alama kwa kisu, mimi nikadhani ni mchezo, nipime na mimi, baba, akanipima, mguu wangu ukafika puani kwake, akacheka, alikuwa na kicheko kizuri baba, nilikisahau, na kijiti akaenda nacho kiwanjani, kijiti kile kile kilichokaa juu ya mlango miaka yote na hakuna mtoto aliyeuliza ni cha nini, na bibi akatoka mwenyewe kila asubuhi mpaka njiani kusalimia wapita njia, mpaka anakufa, sikuwahi kuona bibi akibebwa, hata siku moja, alama ile ilikuwa ndogo, vidole viwili, labda vitatu, na mama alijua, alichota maji miaka yote ile na alijua… bado ningempigia kelele, baba, mfereji, si ungechimba hata mfereji nyuma ya ukuta, mtu mzima hujui mfereji! na mlango, nani kasema lazima utazame barabara, uwe huku juu, njia izunguke pole pole kutoka chini, inune tu hiyo nyumba, sijui, fundi atajua, lakini mimi nimepima udongo, nimepima mvua za misimu mitatu, nimepima hasira zangu zote, mguu wa mama sijaupima, "Dada! Huku yametulia, nitie alama?" na huku pia yametulia, yamesimama juu ya alama yangu kabisa, hayaendi popote, "Bado," nasema, "bado yanacheza," fundi anainamia mpira wake, Injinia ananishangaa, na mimi siutazami mpira, namtazama mama pale kitini, mkono juu ya goti, inuka tena, mama, njoo kwenye uzi mara moja tu, inua, usijilazimishe, nione unafika wapi.